Gobore la Baba Halitundikwi

Pigeon Lick, Kentucky
14 Machi 1998

Mdogo wangu Denzil,

Hujambo huko Oregon? Sisi hatujambo, kasoro mgongo wa shemeji yako Arvel, na mgongo wa Arvel we unaujua, ukiona umepona ujue kuna mtu kamwita kuvua samaki. Kijito kilipanda mwezi wa pili kikabeba banda la kuku na kuku wanne. Wa tano tulimkuta juu ya mti anatutazama kama sisi ndio tuliomkosea. Mke wa mchungaji kanunua gari jekundu. Mimi simsemi mtu, lakini jekundu! Siku ya kutimiza miaka miwili tangu tumzike Baba nilipika ile keki ya matufaha makavu, nikaenda nayo makaburini, nikala kipande changu na cha kwake nikamlia.

Haya, sasa kaa chini, maana nikianza sisimami.

Juzi kaja Burl Tackett jikoni kwangu, kofia kichwani kama yuko zizini. Klabu ya magobore wanajenga nyumba mpya ya mikutano, wanataka ukuta mmoja uwe wa kumbukumbu. Nikamkaribisha kahawa, sikujua nakaribisha nyoka.

"Oleta," kasema, "tunalitaka lile gobore la mzee Hobert."

"La nini?"

"La kutundika. Lina uvimbe mtutuni, halipigiki tena. Chini yake tutaweka kibao: Hobert Caudill alisahau kushindilia. Wanaoanza wajifunze."

Denzil, nilimwambia, "Burl, vua kofia kwanza ndiyo umtukane baba yangu."

We niambie. Gobore Baba alilinunua mwaka wa sabini na moja, likaja na boksi kutoka kiwanda cha Italia, limeiga yale ya mababu, vipande vipande kama kuku wa dukani. Akaliunga mwenyewe mezani pa Mama, na we ndiye ulikuwa unamshikia taa. Na ni Baba aliyewawekea sheria pale kiwanjani: hakuna kupiga mpaka ushindilie risasi ikae juu ya baruti, uone alama kwenye ile fimbo ya mdeki, kisha upaze sauti, "Imekaa!" Risasi isipokaa, mtutu huvimba au hupasuka. Klabu nzima mpaka leo wanapayuka "Imekaa!" kama jogoo, na wamejifunza kwake. Huyo ndiye aandikwe ukutani kuwa alisahau?

Basi Jumanne nikaenda kwenye mkutano wao. Sikualikwa. Nikasimama nikasema Jumamosi ya tarehe kumi Oktoba, siku ya shindano, nalipiga mimi gobore la Baba, nikisimama kwenye nafasi ya Baba. Likipiga salama na nikigonga ubao wa shabaha, halitundikwi. Likishindikana, walichukue na kibao chao. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Burl akasema, "Mama we, utajilipua." Lakini wakapiga kura, wakakubali, wanataka kuona kioja.

Sasa fundi ni wewe. Baba alikufundisha magobore, mimi alinifundisha kunyamaza na sikufaulu. Niambie nifanyeje.

Dada yako,
Oleta

*

Oregon
2 Mei 1998

Dada Oleta,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Kiwanda cha mbao kinaenda, mvua inanyesha. Samahani kwa kuchelewa, kazi nyingi. Pole kwa kuku.

Ushauri wangu mwachie Burl alichukue. Ukuta ni ukuta tu. Baba hayupo, haumii. Mtutu uliovimba haupigwi, dada, siyo kwa baruti ndogo wala kwa dua.

Lakini nakujua, hutasikia. Kwa hiyo usifanye lolote kabla ya hili. Usivalishe fataki. Usichungulie mdomoni mwa mtutu. Chukua mdeki, udondoshe ndani mpaka usimame, utazame alama za Baba. Gobore lililotundikwa miaka mingi siku zote ulihesabu limeshindiliwa mpaka mdeki useme hapana. Watu wameuawa na mapambo ya ukutani.

Ukikuta kitu, usiguse. Peleka kwa fundi Estill Fugate. Atoe kichuchu kile kinachovalishwa fataki, amimine maji pale tunduni mpaka baruti iwe tope, ndipo aivute risasi kwa skrubu. Kichwa chake kisikae mbele ya mdomo, hata kama baruti ni tope.

Msalimie Arvel.

Denzil

*

Pigeon Lick
16 Mei 1998

Mdogo wangu,

Barua yako fupi kama sala ya mwenye njaa, lakini ahsante. Sisi wazima. Arvel kaenda kuvua, kwa hiyo mgongo umepona. Binti wa Burl kaachana na yule wa bima, na mama yake anasema ni heri, juzi juzi tu alikuwa anamsifia yule bwana kama kazaliwa horini. Nimelima maharage mistari sita. Gari jekundu limegonga sanduku la posta la kanisa. Sisemi kitu.

Haya. Nililishusha gobore pale juu ya mlango wa jikoni kwa Baba, buibui wakanilaani. Nikadondosha mdeki kama ulivyosema. We unazikumbuka zile alama mbili alizokata Baba kwa kisu, ya juu akiiita Njaa na ya chini Shibe. Mtutu ukiwa mtupu, mdeki unazama mpaka Njaa ilingane na mdomo. Ukiwa umejaa, unasimama kwenye Shibe.

Denzil, mdeki haukufika Njaa. Wala Shibe haukufika. Ulisimama, Shibe ikabaki juu ya mdomo kwa ukucha mzima wa kidole gumba.

Nilikaa kwenye kiti, nikalitazama. Miaka kumi na moja limetuangalia tukinywa supu pale, tumbo limejaa! Krismasi zote! Shangazi Zella alikuwa analitundikia pete za karatasi!

Nikalipeleka kwa Estill, nimelilaza nyuma ya gari, mdomo ukitazama nyuma, nikaendesha polepole mpaka trekta likanipita. Estill akafanya vile vile ulivyoandika, kichwa pembeni. Maji yakatoka meusi kama kahawa ya mazishini. Risasi ikavutika, na kitambaa chake.

Sasa Baba, tangu nizaliwe, risasi alikuwa anaivika kitambaa cha godoro, kile cha mistari ya buluu, akikikata kwa kisu palepale mdomoni mwa mtutu. Hajawahi kutumia kingine. Hiki kilichotoka ni flaneli nyekundu, kimekatwa duara kwa mkasi. Na baruti, Estill aliikadiria, ilikuwa nyingi, themanini kwenye kipimo, wakati Baba hakuvuka sitini maisha yake yote.

Flaneli nyekundu naijua. Niliishona mimi. Ilikuwa shati.

Basi, mimi sisemi kitu. Kitambaa nimekitia kwenye mkebe wa vifungo.

Uvimbe Estill kaupima, uko inchi tisa kutoka mdomoni, umezunguka mtutu kama pete ya ndoa kwenye kidole kilichonenepa. Unasema haupigwi. Mimi sikuuliza kama unapigwa. Nimeuliza nifanyeje.

Oleta

*

Oregon
20 Julai 1998

Dada,

Salamu. Huku joto. Nimebadilishwa zamu ndiyo maana.

Kukata. Hakuna njia nyingine. Estill akate nyuma ya uvimbe, inchi kumi na mbili kutoka mdomoni, asikate karibu zaidi kwa huruma. Kabla ya kukata apitishe kitambaa kinachobana, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Mahali palipovimba mkono utasikia kinalegea ghafla. Kama kinalegea sehemu nyingine yoyote, hata kidogo, mwisho wa maneno: mtutu huo ni chuma chakavu na hulipigi, hata nikisikia umenitukana mpaka huku.

Kama panabana sawasawa, akate, asawazishe mdomo, ahamishe nundu ya kulengea. Kichuchu cha zamani kimeliwa na kutu, nimefunga kipya humu kwenye bahasha.

Mdeki wa Baba uchome moto. Mtutu ukifupishwa zile alama zitakuwa uongo, na alama ya uongo ni mbaya kuliko kukosa alama. Kateni mdeki mpya.

Denzil

*

Pigeon Lick
5 Agosti 1998

Mdogo wangu Denzil,

Hujambo na zamu yako. Siku sitini na tano za zamu, nimezihesabu kwenye kalenda ya mbolea. Huku nyanya zimekubali. Arvel kavimba mguu, kaumwa na nyigu alipokuwa amelala, na namna alivyolia ungedhani nyigu alikuwa na bastola. Yule binti wa Burl karudiana na wa bima.

Na mimi nina habari. Kwanza, flaneli hukuigusa hata kwa neno moja. Sawa. Nilisema sisemi.

Estill alipitisha kitambaa mara tano, akanipa na mimi nipitishe. Unavuta, kinabana, kinabana, halafu pale penye pete kinakwenda hivi, fyuu, kama mtu kakuachia mkono njiani. Nilivuta mara tatu. Kwingine kote kunabana. Estill akasema chuma cha chini ni kizima kabisa, akakata. Niliziba masikio nikafumba macho kama wanamng'oa mtu jino. Kipande kikaanguka sakafuni, kling, na pete yake. Nimekichukua, kiko kwenye mkebe na kile kitambaa.

Gobore sasa limekuwa fupi, nakwambia ukweli linachekesha. Burl alikuja kwa Estill kununua mkanda wa mashine, akaliona.

"Ala! Limekatwa mkia!"

"Mbwa aliyekatwa mkia bado anauma," nikamwambia. "Sogeza mguu ujaribu."

"Oleta, hata ukilikata likawa kijiko, mzee alisahau."

"Tarehe kumi Oktoba, Burl. Njoo na masikio."

Sasa mdeki. Umesema niuchome. Sikuuchoma, na usinune, sikiliza. Mimi darasa la sita niliishia mlangoni, lakini nimeshona nguo za watoto wa bonde hili lote. Gauni likiwa refu, huwezi kukata shingoni. Unakata pindo, na mapambo ya kifuani yanabaki pale pale. Nikamwambia Estill, kata mdeki upande wa chini, huku kunakogusa risasi, inchi kumi na mbili kamili, sawasawa na kile kipande. Akajikuna. Akakata, akarudishia kofia ya shaba nchani. Tukaudondosha kwenye mtutu mtupu. Njaa ikalingana na mdomo, huwezi kupitisha unywele. Estill akavua kofia yake. Umesikia? Burl haku­vua, Estill kavua.

Alama za Baba hazijawa uongo. Hazikuwahi.

Haya, imebaki baruti. Kila mtu ana lake. Burl anasema themanini, chini ya hapo ni ya kutishia kunguru. Arvel anasema nusu kikombe cha chai, huyo tumwombee. Jirani yetu Virgil kaniletea kopo la baruti ya kisasa, ile anayojazia risasi za bunduki yake ya kuwindia paa, anasema ina nguvu, haitoi moshi, kidogo tu inatosha na gobore halichafuki. Nimeiweka kabatini karibu na unga. Nijibu.

Oleta

*

Oregon
10 Agosti 1998

Dada Oleta,

Barua hii nimeilipia iende kwa haraka. Sina salamu.

Kopo la Virgil litoe ndani ya nyumba leo. Mrudishie mkononi, mwambie asimpe tena mtu yeyote. Baruti isiyo na moshi haingii kwenye gobore, hata chembe, hata kuchanganya. Nyeusi inasukuma, ile inapasua. Ungeiweka na kuvuta kifyatulio ningepigiwa simu nije kukuzika, na mikono wasingeiona.

Burl usimsikilize. Kuna kijitabu cha kiwanda, Baba alikiweka kwenye droo ya vijiko chini ya karatasi. Tafuta ukurasa wa unene wa risasi yako. Kiasi cha juu kabisa cha baruti kilichoandikwa pale si chako, huo ni ukuta, na wewe usiukaribie. Anza na baruti nyeusi ya chembe wanazotaja wao, hamsini, upime kwa kile kipimo cha pembe ya paa. Usimimine kutoka kwenye kopo moja kwa moja, cheche ikibaki ndani kopo lote litakulipukia mkononi. Hamsini ikikupa ubao, baki hapo. Baruti nyingi hailengi, inapiga kelele tu. Nayajua haya.

Na usilipige begani kabla halijajaribiwa. Lifungeni kwenye tairi kuukuu, kamba ndefu, watu wote nyuma ya ukuta wa mawe. Mara tatu. Baada ya kila mara Estill apitishe kitambaa tena.

Hilo la mdeki ni kweli. Nilichukua penseli nikalichora mara mbili. Baba angecheka.

Nataka kukuuliza kitu. Baba alipata kusema lolote? Kuhusu ile siku.

Denzil

*

Pigeon Lick
6 Septemba 1998

Mdogo wangu Denzil,

Salamu zako za siku ile sina cha kuzirudishia maana hukuziandika, kwa hiyo nakupa zangu zote. Mguu wa Arvel umenywea. Tumekausha maharage kwenye nyuzi, baraza nzima inaning'inia. Kopo nilimrudishia Virgil siku ileile. Aliposikia maneno yako aliketi kwenye ngazi akasema, "Mungu wangu, nilitaka kukusaidia." Tukalia kidogo wote wawili, kisha akanipa maboga.

Tumelijaribu. Tairi la trekta la Estill, kamba futi sitini, sisi nyuma ya ukuta wa zizi, Arvel kaziba masikio hata kabla hatujatoka nyumbani. Hamsini, kwa kipimo cha pembe. Nilishindilia mimi mwenyewe. Mdeki ukazama ukaipita Shibe kidogo, kwa sababu Baba alikuwa mtu wa sitini, basi nimekata alama yangu pembeni, juu ya yake kwa upana wa uzi. Nikavuta kamba. Likasema BUUM, moshi mweupe, ng'ombe wa Estill wakahamia wilaya nyingine. Mara tatu. Kitambaa kinabana kila mahali. Baada ya hapo nimekuwa nalipiga begani kila Jumapili baada ya ibada, na bega langu lina rangi ya biringanya, na ubao naupata mara saba kwenye kumi.

Umeuliza Baba alisema nini.

Denzil, mwaka ule wa themanini na saba, ile Jumamosi, Baba alikuwa Lexington anafanyiwa jicho. Nani alimpeleka? Mimi. Siku tatu tulikuwa kule. Alirudi na bandeji kama haramia, na lile jicho jingine lilikuwa bovu, hakuona hata uma wake. Kisha Burl akaja kumchukua kwenda kiwanjani, na Burl mwenyewe akalishusha gobore, kidole chake kikagusa pete. "Nani kafanya hivi?" Burl akauliza. Na we ulikuwa umesimama pale penye jiko na kikombe cha kahawa. Nilikuona. Baba alikaa kimya akisubiri, nakwambia alisubiri mpaka saa ya ukutani ikagonga. Halafu akasema, "Mimi. Nilisahau kushindilia."

Akalirudisha juu ya mlango kwa kupapasa na hakuligusa tena mpaka anakufa. Mimi nadhani hakutaka mkono wake ujue zaidi. Wiki ileile Burl akamvua firimbi ya usimamizi mbele za watu. Na we Novemba ukaondoka.

Baadaye kwenye gari nilimwuliza, "Baba, kwa nini?" Akasema, "Mimi aibu hii nitaibeba miaka michache tu, nikifa inaisha. Denzil angeibeba mingi." Akaniapisha nisimwambie mtu. Mimi! Mimi niliyemwambia bibi harusi kabla bwana harusi hajamposa! Nimeibeba miaka kumi na moja, hata Arvel hajui.

Lakini Baba alikosea hesabu. Kafa, na aibu haikuisha. Burl anataka kuipigilia misumari.

Sikuombi kitu. Sikutishi pia, kiapo ni kiapo, nimekuandikia wewe tu unayejua tayari. Tarehe kumi Oktoba nasimama pale, uandike usiandike.

Dada yako,
Oleta

*

Pigeon Lick
12 Oktoba 1998

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Salamu zangu leo ni ndefu, nimepika kahawa na nimemfukuza Arvel jikoni.

Barua yako ilifika Ijumaa. Bahasha nyembamba. Nikaishika, nikaiweka juu ya jiko, nikaitoa, nikaiweka kwenye mfuko wa aproni. Sikuifungua. Nilisema, kama ni ya kuniombea msamaha itanilegeza mikono, na kama ni ya mambo ya mvua ya Oregon itanikasirisha, na mwenye hasira hapimi baruti vizuri. Nikataka gobore liseme kwanza.

Watu walijaa, Denzil. Hata wasiopiga wamekuja na viti vyao. Mke wa mchungaji kaja na lile gari, limebonyea mbele. Kuku wa kukaanga, mikate ya mahindi, sufuria ya maharage yenye ukubwa wa kuogeshea mtoto. Na kibao cha Burl kilikuwa tayari! Kimechongwa, kimepakwa vanishi, kakiegemeza mezani karibu na keki.

Wakaniita. Nikaenda nafasi ya Baba na lile fupi langu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama kaja na bomba la sinki!" Wakacheka. Nikamjibu, "Ndiyo, nimekuja kuzibua."

Nikapima hamsini. Kitambaa cha godoro, mistari ya buluu, nimekikata kwa kisu palepale mdomoni kama Baba. Nikashindilia. Burl akaja akasimama karibu, firimbi shingoni, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Umeshindilia, Oleta? Ukoo wenu husahau."

Nikamshika kidole, ndiyo, kile kile kilichogusa pete, nikakiweka kwenye mdeki penye alama yangu. "Soma," nikamwambia. "Na hii ya juu, Njaa, ni ya Hobert. Unaona imechakaa? Mtu anayesahau hachakazi alama."

Akarudi nyuma hatua mbili. Nikatoa mdeki, nikavalisha fataki, nikajaza kifua nikapayuka, "IMEKAA!" Nasikia waliisikia hata kanisani.

Nikavuta.

Moshi ukanifunika, sikuona kitu, nikasikia tu ubao unasema tak. Moshi ukaondoka, tundu hilo pale, si katikati, nisikudanganye, ni pembeni chini, upande wa kushoto. Lakini ubaoni. Arvel akaruka juu na mgongo wake ule mgonjwa, naye sasa hana la kuniambia mpaka Krismasi.

Burl akasema, "Haya. Gobore halitundikwi, tulikubaliana. Lakini ukweli unabaki ukweli. Mzee alisahau."

Ndipo nikaingiza mkono kwenye aproni. We unajua mimi kusoma mbele za watu siwezi, herufi zinanikimbia. Nikampa Burl bahasha. Nikasema, "Ni ya Denzil kutoka Oregon. Nisomee. Kwa sauti, una sauti nzuri ya kutangaza." Denzil, kweli sikujua kuna nini ndani. Moyo ulikuwa unapiga kuliko gobore.

Akafungua, akaanza kwa mbwembwe. "Kwa Klabu ya Magobore ya Pigeon Lick. Hobert Caudill hakusahau kushindilia. Siku hiyo alikuwa Lexington jicho limefungwa." Hapo sauti ikapungua. "Aliyesahau ni mimi, mwanawe. Nilikuwa peke yangu, hapakuwa na wa kumwambia imekaa, na alama zake nilikuwa nazicheka. Mtutu ulipovimba nilijaza tena nione kama bado unafaa, nikaogopa, nikalitundika hivyo hivyo likiwa limejaa. Kisha nikasimama jikoni na kikombe cha kahawa, nikamwacha mtu kipofu ajibu."

Akaishusha karatasi. Nikamwambia, "Soma mpaka mwisho, Burl. Ulivyotangaza mara ya kwanza hukukatiza."

Akamalizia: "Kama mnataka funzo ukutani, dada yangu anacho kile kipande chenye pete. Kitundikeni. Jina mwandike langu."

Basi, mdogo wangu, Burl aliikunja barua mara nne, akavua kofia. Akavua na firimbi akanipa. Nikamwambia kwanza kaioshe. Akaenda bombani, akaiosha kweli, akairudisha inadondosha maji, nikaitundika kwenye msumari wa nafasi ya Baba na hapo ndipo itakapokaa. Kibao chake alikigeuza upande wa nyuma na mke wake akakatia keki juu yake. Vanishi nzuri, haikunata.

Kipande chako kimetundikwa Jumapili. Mkebe wa vifungo nimeufungua, nimewapa na ile flaneli ya shati lako, imefungwa chini yake kwa uzi. Jina lako ni kubwa kuliko la mtu yeyote ukutani, hata waanzilishi. Watu wananiuliza sioni aibu? Nawaambia mimi aibu nilishaichosha, sasa ni zamu yake kunibeba.

Shindano la masika ni Mei. Chumba chako nimekiondolea maboga. Uje usije, shauri yako, lakini ukija utapiga kwa gobore la Baba, hamsini, siyo themanini, na firimbi ninapuliza mimi. Nitasimama hapo pembeni na masikio yangu mawili, na nisiposikia neno lile moja kutoka kwenye kifua chako mwenyewe, hupigi.

Dada yako,
Oleta